Nafasi Baada ya Kistari

Siku makumbusho ya mji yalipofunguliwa upya, watu walijaa mpaka mlangoni. Fundi cherehani mmoja, aliyevaa gauni la njano alilolishona mwenyewe, alichoka kusimama, akaketi kwenye kiti cha mkuu wa stesheni wa zamani. Mtunza makumbusho akaja mbio.

"Dada, hicho hakikaliwi."

"Kwani kinafanya kazi gani?"

"Kinatazamwa."

"Basi kitazame nikiwa nimekikalia," akasema, wala hakuinuka.

Mapenzi yakaanzia hapo. Binti alimwita mtunza huyo Bwana Kadi, kwa sababu hakuna kitu cha makumbusho ambacho jamaa huyo hakukiandikia kadi ya maelezo. Naye alimwita binti Fundi Wangu, hata mbele ya walinzi, nao wakabaki kucheka. Kwa miezi saba mambo yao yalikuwa shwari.

Kisha Fundi akampelekea mkoba wa mama yake, mkunga aliyezalisha nusu ya mji. Bwana Kadi aliufuta vumbi, akauweka kabatini, akauandikia kadi kama alivyowaandikia wenye vitu wengine wote walio hai: jina la mwenye kitu, mwaka wake wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu. Ndiyo desturi ya kazi yao, ili siku ikifika kadi isiandikwe upya. Tatizo ni kwamba mkunga mwenyewe wiki hiyo alikuwa amelazwa kwa saratani. Fundi alipoisoma aliuliza ile nafasi ni ya nini. Na mjinga huyu, Mungu amsamehe, akamweleza.

Tangu hapo simu zake hazikupokelewa. Alipiga kabla ya chai, akapiga mchana, akaandika ujumbe na kuufuta. Alikonda mpaka shati likamning'inia. Aliona wazi kwamba amempoteza, na kwamba amempoteza kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kumi na tisa Fundi akapiga.

"Mama katoka hospitali, anataka kuuona mkoba wake," alisema kwa sauti kavu. "Tunakuja kesho saa nne. Ile kadi uitoe. Na wewe mwenyewe naomba nisikuone."

"Fundi Wangu, nisikilize kidogo tu."

Simu ilikuwa imekatwa.

Kesho yake alijificha stoo, kadi mfukoni, akasikia magurudumu ya kiti cha mgonjwa yakipita sakafuni. Mama aliutazama mkoba wake kwa muda mrefu.

"Hata pasi ya mkaa ina kadi," akasema. "Mkoba wangu umekosa nini?"

"Bado haijaandikwa, Mama."

"Na daktari naye bado hajasema kitu?" Mama alicheka bila furaha. "Miaka arobaini nimekaa na wagonjwa, mwanangu. Mtu anayeficha habari namjua kwa kumtazama."

Bwana Kadi alijua kwamba akitoka pale, penzi lake limekwisha kabisa. Hata hivyo akatoka, akampa mama ile kadi kwa mikono miwili. Fundi alimtazama kwa chuki ambayo hakuwahi kuiona usoni pake.

Mama aliisogeza karibu na macho.

"Hapa mwishoni hapana kitu."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Wewe angalau hukunificha." Akamgeukia binti yake. "Wiki ngapi?"

Fundi aling'ang'ania mpini wa kiti.

"Walisema sita," akasema. "Mbili zimeshapita."

Akapiga magoti pale pale, akalia kwenye mapaja ya mama yake kilio alichokuwa amekibana siku zote hizo. Mama alimpapasa kichwa, akamuuliza kwa nini alibeba mzigo huo peke yake. Bwana Kadi aliona hapo si pake, akaanza kurudi nyuma. Fundi, bila kuinua uso, akamshika suruali.

"Usiende. Nyumbani kuna ngazi, na mimi silali. Peke yangu siwezi tena."

"Nitakuja leo."

"Uje ukae."

"Akae?" mama akadakia. "Kwanza wazee wake waje kuposa. Na waje kesho, maana keshokutwa sina uhakika nayo."

Bwana Kadi alitoa simu ampigie baba yake, akaanza kutafuta namba. Fundi akamnyang'anya, akapiga mwenyewe, akafuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Shikamoo, Baba," akasema.