Meza ya Watu Saba

Nusra alikutana na mumewe eapoti ya Heathrow, kwenye mlango wanaotokea abiria, asubuhi ya Januari yenye baridi ya kumgandishia mtu salamu mdomoni. Alikuwa ametoka Pemba na viatu vya wazi, mwenyeji wake hajatokea, na watu wanampita kama maji yanavyolipita jiwe. Riyadh alikuwa amesimama pale na koti jeusi mkononi. Alikuwa amekuja kumpokea mgeni mmoja aitwaye Msabaha, maana mtu wa kwetu hapokelewi London kwa maua, hupokelewa kwa koti. Akamwona binti anatetemeka mpaka sanduku linatetemeka naye. Akamvisha lile koti. Msabaha alipotokeza akakuta mwenziwe keshapata joto lake, akasafiri mpaka Hayes amejitanda taulo mbili na shuka, na hadi leo akipiga chafya humtaja Nusra kwa jina.

"Kwani weye kazi yako kuvisha wanawake usiowajua?" Nusra alimuuliza siku ile.

"Sivishi wanawake, navisha wageni."

Nusra akacheka. Angeyapima vizuri maneno yale, pengine asingecheka sana.

Walioana mwaka huohuo, wakapanga flati Neasden yenye jiko dogo hata chapati haigeuzwi mpaka mmoja atoke nje. Nusra akifukiza udi, king'ora cha moshi hulia mtaa mzima usikie, na Riyadh hupanda kitini akakipepea kwa sinia huku akikiomba radhi. Walipendana. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa wageni.

Riyadh aliletwa London na wazazi wake akiwa na miaka minane. Alijua basi gani laenda wapi, ofisi gani wana roho nzuri na bucha gani nyama yake halali kwelikweli. Basi kila Mpemba, kila Mwunguja, na siku hizi hata watu wa bara, akitua tu humpigia simu yeye. Watu husema namba yake imechorwa kwenye mabawa ya ndege. Naye hakujua kusema hapana. Akiambiwa mtu hajawahi kuiona theluji, humwonea huruma kama aliyeambiwa mtu hajala siku tatu.

Mke anafanya kazi ya kulea wazee Kingsbury, mume yuko kwenye maghala ya Hayes, na shifti zao zilikuwa zikipishana mlangoni, huyu anavua viatu, yule anavaa. Siku yao ilikuwa moja, Jumapili. Mwanzoni mwa baridi Riyadh alimwahidi mkewe kwamba kila Jumapili watatoka, wasijifungie ndani kama viazi. Wakatoka kweli. Jumapili ya kwanza walikwenda kutazama taa za rangi zilizopambwa mitini, wao wawili na wanafunzi watatu wa Chake Chake. Ya pili walikwenda kulistaajabia lile hekalu la marumaru la Wahindi palepale Neasden, na fundi wa umeme kutoka Bukoba aitwaye Deus, ambaye alipiga picha kila nguzo, na kwenye picha zote mia mbili Nusra yumo mara moja tu, tena kiwiko. Ya tatu walikwenda pahala pa kuteleza juu ya barafu. Huko Nusra alishinda amesimama kizingitini na makoti sita mikononi, kama mti wa kutundikia nguo, huku mumewe akiwakokota ndugu wawili wazima, wenye ndevu, kama anapeleka mbuzi mnadani.

Akirudi nyumbani miguu imekufa ganzi, hasira ndiyo iliyokuwa ikimpasha moto.

Wala hasira zenyewe hazikuwa za kukosa raha tu. Mwezi wa kumi na moja ilikuja barua kutoka chuo kimoja cha Sheffield. Nusra amekubaliwa kusomea uuguzi, miaka mitatu, masomo yaanza Machi. Jambo alilolitamani tangu kwao Wete, alipokuwa akimwosha bibi yake kitandani na kujiambia kwamba siku moja atazijua na dawa. Jibu lilitakiwa lifike kabla ya Jumatatu ya ishirini Januari, saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine.

Alitaka kumuuliza mumewe. Hakutaka ruhusa, alitaka neno lake: niende au nibaki? Lakini jambo la miaka mitatu haliulizwi mlangoni baina ya viatu viwili, wala haliandikwi wasapu. Latakiwa kikao. Na walivyolelewa wote wawili, mambo ya ndani hayatolewi mbele ya mgeni. Mgeni akiwapo, unameza, unatabasamu, unamimina chai. Basi kila Jumapili Nusra aliondoka na swali ulimini na kila Jumapili akarudi nalo, limepoa kama sambusa ya jana.

Alhamisi ya wiki ya mwisho akampigia simu kazini.

"Jumapili hii nataka watu wawili."

"Wawili gani, roho yangu?"

"Mie na weye, Riyadh. Au nikuletee picha zao uwatambue?"

Riyadh alicheka, kicheko kirefu kuliko ilivyostahili. Akasema watakwenda mkahawani kwa Mzee Surjit wakale mogo, ile mihogo ya kukaanga, halafu watembee. Inshallah, watu wawili.

"Inshallah ya muumini, au ile ya fundi seremala?"

"Ya muumini, mke wangu."

Jumapili Nusra alivaa abaya lake la mahameli ya kijani, mtandio wa rangi ya zafarani, buti nyeusi zilizong'arishwa mpaka zikaonyesha sura. Akapaka wanja, akajifukiza udi, king'ora kikalia, akakipepea mwenyewe kwa sababu Riyadh alikuwa anatoka moja kwa moja kwenye shifti ya usiku. Njia nzima kwenye basi alikuwa akilipanga swali lake. Alilianza kwa upole, akalianza kwa mzaha, mwisho akaamua kulisema kavukavu.

Mzee Surjit ni Singasinga wa Kisumu, ana miaka hamsini Kingsbury Road na Kiswahili chake bado kina vumbi la kwao. Alimpokea kwa bashasha. Nusra akamwomba ile meza ndogo ya dirishani, ya watu wawili.

"Wawili?" Mzee akashangaa. "Bwana yako alipiga simu jana, mama. Alisema watu saba. Angalia, mimi naunganisha meza tatu."

Nusra akaangalia. Meza tatu zilikuwa zimeunganishwa kama za karamu ya arusi, sahani saba, vikombe saba, na bakuli la pilipili katikati. Damu ikampanda mpaka wanja ukamwasha.

Hajakaa vizuri, mlango ukafunguka. Akaingia Riyadh, nyuma yake Muhiddin na mkewe Mwanabaraka, waliotua Ijumaa kutoka Unguja, na watoto watatu waliovalishwa nguo zote walizokuja nazo, wamevimba kama mito. Riyadh hakumtazama mkewe machoni. Alianza kusema kwamba hawa maskini ndiyo kwanza wamefika, hawana wanayemjua.

Na Nusra akafanya alivyofunzwa. Alisimama, akamkumbatia Mwanabaraka, akauliza habari za safari, za wazee, za karafuu. Akamfungua mtoto mdogo mtandio uliokuwa ukimkaba, akawamiminia chai wote, akampa na mumewe kikombe chake kwa mikono miwili. Alitabasamu mpaka Mzee Surjit akaogopa. Kisha akasema anakwenda kunawa, akapita mbele ya sinki, akapita jikoni, akatokea mlango wa nyuma wenye magunia ya vitunguu, na hakusimama mpaka yuko kwenye basi.

Mabasi mawili yakamfikisha Hayes, kwa Anastasia, Mchaga wa Machame anayefanya naye kazi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka misani na viatu vya kisigino bado miguuni. Nusra alimweleza yote kwa pumzi moja, hajavua hata glavu. Anastasia alisikiliza akimenya ndizi. Akauliza kama bwana ana mwanamke mwingine.

"Angekuwa na mmoja ningemfahamu," Nusra akasema. "Huyu kaoa eapoti nzima."

Simu ilikuwa inalia. Ililia mara kumi na nne. Ya kumi na tano Anastasia akaipokea, akamwambia shemeji yake kwamba mgonjwa yupo, haongei na watu, na akija asije na kijiji. Kabla ya saa nane mlango ukagongwa. Nusra akaufungua nusu, mnyororo haujatolewa.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Sogea pembeni nione nyuma yako."

Riyadh akasogea. Nyuma yake palikuwa na baiskeli ya mtu na manyunyu ya theluji. Hakuwa na kofia, masikio yamemwiva kama biringani.

"Wageni umewaacha wapi?"

"Kwa Mzee Surjit. Wanamaliza mogo. Nimewaandikia basi la kurudia. Toka tutembee, Nusra. Nakuomba."

Alitoka, lakini si kwa ajili ya kuombwa. Alitoka kwa sababu ndani mwa watu hamsemwi mambo ya ndani. Wakafuata njia ya kando ya mfereji, maji yameganda kingoni, mabata wanatembea juu ya barafu kwa hadhari kama wazee wanaokwenda msikitini alfajiri. Nusra hakungoja wafike popote.

"Mie nimekuwa mkeo au mtumishi wa stesheni? Kila Jumapili nabeba makoti. Unamhurumia aliyefika Ijumaa, miye niliyefika miaka miwili iliyopita hunioni. Kesho saa sita nina jambo langu, na wiki tisa nzima sijapata dakika tano za mume wangu. Hawa kina Muhiddin wameshindwa kukaa Jumapili moja bila kukuita?"

Riyadh alitembea hatua kadhaa.

"Hawakuniita," akasema. "Miye ndiye niliyewaita. Muhiddin alitaka kulala, nikambembeleza."

Nusra akasimama.

"Na wale wa Chake. Na Deus. Na wale wa kuteleza. Wote niliwapigia simu mwenyewe." Alikuwa anawaambia mabata, si mkewe. "Niliiona barua. Mwezi wa kumi na moja, nilikuwa natafuta kifungulio cha kopo, nikaikuta chini ya visu. Nikajua unataka kuniuliza. Na nikajua mbele ya mgeni hutaniuliza."

Baridi yote ya Hayes haikutosha kumpoza Nusra wakati ule. Alitamani kwanza kumsukuma majini, kisha akaona barafu yenyewe nyembamba, atamuua bure. Kwa hiyo wale watu aliokuwa akiwalaani usiku kitandani walikuwa hawana kosa. Yule Deus na nguzo zake. Wale ndugu wenye ndevu. Walipangwa kama mbao za uzio.

"Umenifanya niwachukie watu wa kwetu," akasema taratibu, na upole ule ulimtisha Riyadh kuliko makelele. "Adabu niliyofunzwa na mama yangu umeigeuza kitasa, ukanifungia nje. Ungesema hutaki niende. Ungesema hapana, tukagombana kama watu."

"Ningeweza kusema hapana, ningewaita wageni wa nini? Jibu langu nalijua tangu siku ile. Ukiniuliza, ntasema nenda. Sina jingine. Hakuna mtu anayestahili kuliko weye. Ndiyo maana sikutaka uniulize. Kila Jumapili isiyo na swali nilikuwa nakuiba wiki moja."

Nusra akamtazama. Pua ilikuwa inamchuruzika na hakuwa na leso, na machozi mengine yalikuwa si ya baridi. Hasira yake haikuondoka, ilitafuta pahala pa kukaa tu. Akatoa leso yake yenye harufu ya udi, akamfuta pua kwa nguvu kama anayekwangua sufuria.

"Mwizi weye," akasema. "Kaa hapo."

Wakakaa kwenye benchi lililoloa. Nusra akavua glavu, akafungua simu, akaitafuta ile fomu ya chuo. Vidole vilikuwa havimtii, akavipulizia. Riyadh alitaka kumshikia simu, akapigwa kibao cha mkono. Jina akajaza. Tarehe ya kuzaliwa akajaza. Nakubali nafasi, akabonyeza. Kisha likaja swali la makazi: atahitaji chumba cha mtu mmoja, au flati ya watu wawili?

Hakuinua uso. Akabonyeza wawili, akaituma.

Riyadh alikuwa amechungulia. Akakohoa, akasema polepole kwamba yeye ana kazi huku, ana watu wanaomtegemea, Jumanne kuna familia inatua kutoka Mkoani, Pemba. Mkewe alikuwa anavaa glavu, kidole baada ya kidole.

"Sheffield hakuna maghala?"

"Yapo, lakini Nusra, hata hujaniuliza."

"Si ulikuwa hutaki kuulizwa?"