Kopo la Saba

Makopo yalikuwa sita. Mkutubi aliyaficha mwenyewe, kwa mikono yake miwili, baada ya kuyahesabu mbele ya watoto wote pale maktaba. Sasa niambie, kwa nini simu ya Kidoti ilionyesha saba?

Mchezo wenyewe ni wa siku hizi. Simu inakuonyesha mshale na hatua zilizobaki, nawe unakwenda umeinamisha shingo kama mbuzi malishoni. Unafika mahali penye historia yake, daraja la zamani au kiwanda cha ngozi kilichokufa, unapekua mpaka ulione kopo. Ndani mna daftari. Unachukua kitu kimoja, unaacha kingine, unaandika jina. Na watoto wale walikuwa na desturi yao: anayefika kwanza huwaandikia na wenzake, asiachwe mtu.

Kidoti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mkutubi huyo alikuwa shangazi yake, ndiye aliyemlea tangu wazazi wafariki. Alimsuka, alimwogesha, alimfundisha kuandika kwa kalamu yake ya wino wa kijani, ile ambayo hakumwazima mtu hata uje na barua ya serikali.

Kopo la sita lilikuwa mlangoni pa mnara wa saa, saa iliyosimama kabla mimi sijaota meno. Karatasi ya shangazi ilieleza kisa chake. Fundi saa alishindwa kuiendesha, akapatana na jini: jini aizungushe, fundi ampe mtu. Jina la mwisho daftarini ndilo la jini. Mwenye jina husikia saa ikigonga kifuani mwake, na mishale ya mnara ikifika saa sita, huingia ndani kuzungusha magurudumu, wala hatoki.

"Uongo mtupu," alisema Mapengo, rafiki wa Kidoti, ambaye mdomo wake ulikuwa wazi kama lango la shule. "Jini gani hajui kununua betri?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Simu ikatetemeka. Kopo la saba: zimebaki hatua tisa. Mapengo alikuwa bado anachagua kitu kwenye kopo la sita, kwa hiyo Kidoti akaingia mnarani peke yake.

Mchana kweupe, lakini ndani mlikuwa na giza la stoo, na harufu ya grisi na nywele zilizoungua. Chini ya ngazi palikuwa na kopo limekula kutu, na alipoligusa lilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka kukumbatiwa, akalifungua, akaona daftari lenye majina yaliyofifia, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka la mwisho kabisa, jina la shangazi yake, limekatwa kwa mstari, na chini yake jina lake yeye, lile jina refu la kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa wino wa kijani, kwa mwandiko uleule uliomfundisha kuandika, na hapo hapo, ndani ya kifua chake, kile alichodhani tangu asubuhi ni mapigo ya moyo kikasikika wazi, tik, tik, tik.

"Ukiona uchungu, andika mwingine," ikasema sauti kutoka kwenye magurudumu, laini kama ya nesi mwenye sindano. "Mwenzako yuko mlangoni."

Na kweli, Mapengo alikuwa akiita: "Kidoti! Umelipata? Niandike na mimi!"

Penseli ilikuwa mfukoni. Kidoti aliigusa. Akaiacha.

"Hamna kitu humu," akasema, akilificha kopo chini ya blauzi. "Nenda nyumbani."

"Muone! Roho mbaya!"

Shangazi alikuwa jikoni anachambua mchele. Alipoona kopo limewekwa mezani, ungo ukamponyoka.

"Nilikuwa naficha makopo yangu," akanong'ona. "Nikadhani kuna waliocheza kabla yetu, kile kisa nikakiona hadithi tu. Nikaandika jina, kama sheria ya mchezo. Kufika nje nikasikia kifua changu..."

"Ukarudi."

"Nilishikwa na hofu, mwanangu. Niliandika la kwanza lililonijia."

"Na lililokujia ni langu."

Shangazi aliuokota ungo. Alitazama mchele sakafuni.

"Likate," Kidoti alisema. "Rudisha lako."

Shangazi akatoa kalamu huku machozi yakimchuruzika. "Haki yako, mama. Haki yako kabisa." Akainama, akaandika, mkono wa kushoto umekinga ukurasa. Kifua cha Kidoti kikanyamaza. Na mtoto, masikini, alimrukia shangazi yake shingoni akalia kwa kumhurumia.

Ndipo sauti ikatoka barabarani, imejaa kicheko.

"Kidoti! Njoo usikie! Kifua changu kinafanya kama saa!"

Kidoti alimwachia shangazi taratibu. Akalivuta daftari. Wino wa kijani ulikuwa haujakauka: jina la Mapengo, na la baba yake, na la babu yake, yote sawasawa kama kwenye kadi ya maktaba.

Juu ya mapaa, kupitia dirisha la jikoni, ule mshale mrefu ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuuona ukisogea ulikuwa unapanda, kidogo, kidogo, umebakiza dakika tano.

"Shangazi," akasema Kidoti polepole, "niazime kalamu."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekulea."

"Ndiyo. Nakumbuka."

Saa ya mnara inakwenda sasa, haikosei hata dakika. Ikipiga sita, mtaa mzima unanuka nywele zilizoungua, na kila mtu anasingizia saluni. Maktaba ina mkutubi mpya. Mapengo ameota meno. Kidoti naye hajambo, analala kwa dada wa marehemu mama yake, ila doa la kijani kidoleni halitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Na siku hizi, kabla hajakuitikia salamu, anakuuliza kwanza jina lako kamili.