Kulungu Aliyevunjwa Taya

Majlis ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa akimenya viazi, mchana mweupe, mumewe Torkel amekaa mezani na kikombe cha kahawa, ndipo sauti ya kutafuna ikatoka nyuma ya jiko la kuni. Haikuwa ya panya. Ilikuwa ya kinywa kikubwa, kilicholowa, kinachotafuna kisichomezeka.

"Torkel, unasikia?"

"Nini?"

"Kuna kitu kinatafuna."

Torkel alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. "Sisikii kitu, mke wangu. Ni mbao hizo. Baridi ikiingia, nyumba hulia."

Alisikia. Torkel alisikia vizuri kuliko mkewe, na alijua ni nani.

Katika bonde lote lile la Värmland, huko Uswidi, hapakuwa na mtu aliyejua pa kupeleka risasi kama Torkel. Kila vuli wawindaji wapya waliletwa kwake, naye aliwachorea kulungu ubaoni. "Subiri akupe ubavu," aliwaambia. "Pandisha shabaha kufuata mguu wa mbele, kisha isimamishe nyuma kidogo ya bega. Hapo pana moyo na mapafu, mahali papana kama sahani. Anaanguka kabla hajajua. Kichwa kiacheni. Kichwa hakitulii, na ubongo ni mdogo. Ukikosea kidogo umevunja taya, na kulungu wa taya hafi leo. Anakufa kwa njaa."

Basi siku moja ya Novemba, kabla sauti ile haijaanza, alikwenda kuwinda na Rolf, kaka wa Majlis. Kulungu jike akatokea ukingoni mwa misonobari, akasimama, ubavu wote wazi.

"Shemeji, mpige kichwa," Rolf alinong'ona. "Tusiharibu bega la kuoka. Au siku hizi mikono inatetemeka?"

Torkel akapandisha darubini ya bunduki hadi kichwani pa kulungu. Mlio ukatoka, kulungu akazunguka mahali pamoja, akatokomea msituni.

"Mwalimu amekosa," Rolf akacheka.

Torkel alikwenda peke yake kuangalia. Juu ya theluji nyembamba palikuwa na kipande cha mfupa, meno yakiwa bado yamepangika juu yake. Alitakiwa amwite Bibi Dagny, mwenye mbwa wa kufuatilia wanyama waliojeruhiwa. Lakini Dagny angeuliza alilenga wapi. Torkel akasukuma theluji kwa buti, akaufunika ule mfupa.

"Kweli nimekosa," alisema aliporudi.

Wenyeji wa huko wanalijua jini la kike wanaloliita Mwenye Msitu. Wanyama wa porini ni mifugo yake. Usoni ni mwanamke mzuri. Mgongoni yu wazi kama gogo lililooza ndani. Anayeua vizuri hana ugomvi naye.

Nyumbani sauti haikukoma. Majlis akiweka mkate mezani na kugeuka, aliukuta umelowa ute, haukuliwa. Nyumba ikanuka majani yaliyooza na damu ya zamani. Kila alipouliza, Torkel alijibu lile lile: hasikii, hanusi. Majlis akaanza kukonda.

"Nimeomba nafasi kwa daktari wa akili," alimwambia asubuhi moja, macho chini. "Mama yangu alianza hivi hivi. Alisikia vitu."

Neno moja la Torkel lingemponya pale pale. "Labda ni vizuri wakuone," alisema.

Jioni huko huingia mapema wakati huo wa mwaka, na jioni ile, walipokuwa wamekaa mbele ya chakula ambacho hakuna aliyekigusa, harufu ilikuja kwanza kupitia chini ya mlango, kisha hatua laini za kitu chenye kwato kikitembea kama mtu, kisha kiti cha tatu kikavutwa, na mwanamke mwenye nywele zenye umande akaketi kati yao, akachukua kiazi sahanini mwa Torkel, akakitia kinywani, na taya lake la chini likaning'inia kwa ngozi tu, kiazi kikaanguka, akakiokota, akakitia tena, kikaanguka tena, huku macho yake hayabanduki usoni pa Torkel.

Majlis alikuwa amefumba macho. "Sioni kitu," alikuwa akinong'ona. "Hakuna kitu. Sioni kitu."

Hapo Torkel alishindwa. Alitoka mbio hadi kwa Bibi Dagny.

"Ulilenga wapi?" bibi aliuliza.

"Kichwani."

"Wewe?"

Bibi alimtazama mwalimu wa wawindaji toka juu hadi chini.

"Na Mwenye Msitu amefika nyumbani kwako?"

"Amekaa mezani."

"Basi mnyama wake bado yu hai. Akimfia kwa njaa, yeye mwenyewe hatatoka tena kwako."

Kulipopambazuka mbwa aliingia msituni, nao wakamfuata. Walimkuta kulungu kando ya kijito, mbavu zikihesabika, ulimi ukining'inia juu ya maji asiyoweza kuyanywa. Mwanamke amepiga magoti, amemkumbatia shingo kama mama aliyepakata mgonjwa.

"Usimtazame yeye," Dagny alisema kwa sauti ya chini. "Tazama pa kulenga."

Torkel alisubiri. Machozi yalimziba macho, akayafuta, akasubiri hadi kulungu alipogeuza ubavu. Nyuma ya bega. Mnyama akalala chini bila kurusha mguu. Mwanamke akampapasa sikio, akasimama, akageuka. Mgongo wake mtupu, mweusi, ukaingia kati ya miti.

Nyumbani Torkel alimkuta Majlis anakula, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Imenyamaza," alisema, karibu atabasamu. "Labda nilichoka tu."

Torkel angeweza kuyaacha hapo. Badala yake alikaa, akamweleza yote.

Majlis aliweka kisu chini. "Ulikuwa unasikia?"

"Ndiyo."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza."

Majlis alitazama dirishani, kuelekea msituni.

"Yule mnyama alikuwa na wa kumtetea," alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa na nani?"

Akavaa koti, akatoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake.