Sufuria za Ondieki Zina Njaa

Sufuria ya kwanza ilirudishwa kwa kosa la kuwa safi mno. Metrine, mpishi wa hoteli moja ndogo pale Kosele, aliibwaga mbele ya kibanda cha Ondieki, akaeleza kwamba amesonga ugali wa watu kumi, akageuka kuchukua sahani, na aliporudi alikuta sufuria imelambwa hadi inang'aa. Ondieki alimshauri akapime tumbo la mhudumu wake kwanza, ndipo aje kuisingizia alumini.

Ondieki aliyeyusha chuma chakavu na kusubu sufuria mjini Oyugis, na alumini aliisifu jinsi wanaume wengine wanavyosifu mke wa pili, tena mbele ya Mellen, mke wake wa kwanza na wa mwisho: nyepesi, haishiki kutu, haina kinyongo. Jana ilikuwa kifuniko cha injini, leo inapika maharagwe. Tena ndoo ya tanuri hakuimaliza kamwe. Chini aliacha alumini kidogo, akiiita mbegu, ili chuma chakavu cha kesho kiyeyuke upesi. Kwa hiyo kila sufuria yake ilikuwa na damu ya zilizoitangulia.

Sufuria zikazidi kurudi. Angecheka tu, kama si Liz.

Liz, binti yao, alikuwa hajatimiza miaka miwili wala hajaanza kusema. Uji wake ulipikwa katika sufuria mpya ya baba. Alikunywa, akalia, akaongezwa, akalia, na huku anakunywa mbavu zilikuwa zinajitokeza. Zahanati haikuona ugonjwa. Ondieki akamlaumu muuza unga, akamlaumu ng'ombe, akaulaumu mwezi.

"Baba Liz," Mellen alinong'ona adhuhuri moja, "weka sikio hapa."

Aliinamia sufuria tupu, na mzaha aliokuwa ameutayarisha ukamkauka mdomoni, kwa maana ndani ya chuma chenyewe, si juu yake, kucha zilikuwa zinakwangua polepole kama za mtu anayetafuta ukoko gizani, na harufu ya udongo mbichi ikapanda, udongo wa chini sana usiojua jua, ikamwingia puani na kooni hadi akahisi kwamba kibanda chote kimeshuka ardhini na yeye yumo.

Akaitwa Hamud, muuza nguo wa sokoni aliyejulikana kwa kusomea majini. Alifukiza ubani, akasoma kwa sauti ya kutisha. Sufuria ikakohoa.

"Mzee, usijichoshe," ilisema kwa upole. "Mimi si jini. Mimi ni Maroa, mtu wa Kehancha. Nilikuwa nachimba dhahabu huko Migori, shimo likanifukia na ugali wangu uko juu. Wenzangu waliniachia sufuria yangu mdomoni mwa shimo, maana mtu asipotolewa, sufuria yake haiguswi. Mwizi akaiuza kama chuma chakavu."

"Unataka nini?" Hamud aliuliza, akiwa tayari amekunja mkeka.

"Sufuria yangu."

Ondieki alishika kichwa. Angempa ipi? Ile moja ilishayeyuka, ikabaki mbegu, na mbegu ikaingia katika kila sufuria aliyouza.

Akaanza kuwaomba wateja wamrudishie sufuria. Huko Sindo, mwanamke mmoja alimwambia sufuria yake haina shida, ila mume wake siku hizi hashibi, na hilo hata kabla ya sufuria lilikuwepo. Pale Oyugis, mwingine alikuwa anafugia vifaranga ndani ya sufuria na hakutaka kuwasumbua. Wengine walidhani kuna nyingine bora anazificha. Alibembeleza, akatukanwa, akabadilishana na kuku wake mwenyewe, na kila akirudi nyumbani Liz alikuwa mwepesi zaidi mikononi, mwepesi kama alumini, na neno hilo hakulisifia tena.

Alipozipata zote aliziyeyusha pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani akaimimina ndoo hadi tone la mwisho. Likatoka bonge moja. Wachimbaji wa Migori walimwonyesha shimo, wakasimama mbali. Ondieki alilifunga bonge katika karatasi pamoja na ugali moto, akaliachia shimoni.

Akasubiri kishindo. Hakikuja. Alisikia kiganja kikidaka, kisha karatasi ikifunguliwa, kisha mtu akitafuna kwa raha, muda mrefu, huko chini ambako kamba yoyote isingefika.

"Asante," sauti ilisema. "Tumemalizana."

Ondieki alilia kama mtoto. Simu ikaita. Ni Mellen, anaongea chini chini.

"Umeirudisha?"

"Yote. Hata chembe haikubaki."

"Na uji aliokunywa?"

Ondieki aliikandamiza simu sikioni. Upande wa pili, nyuma ya pumzi za mke wake, kijiko kilikuwa kinakwangua bakuli tupu, kisha Liz, ambaye hajawahi kutamka neno, akauliza kwa sauti nzito ya mtu mzima aliyetoka kazini:

"Mama, na mboga?"