Kanga Juu ya Kioo cha Daktari

Hebu niambie, wewe unayesoma: mtu akiumwa kichwa, nani anajua zaidi kinavyomuuma? Ni yeye mwenyewe, au ni yule aliyekaa kando yake? Usicheke. Nyumbani kwa Bi Mboni, kijiji kimoja upande wa Mkwaja, jibu lilichelewa kujulikana. Na kuchelewa huko kuliacha kaburi.

Samiha alikuwa mkaza mwana wa Bi Mboni. Mumewe, Uweso, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Asubuhi Samiha alifagia uwanja, akachota maji, akasonga bada, ugali wa muhogo. Mchana alikaa jikoni na mama mkwe wake, wakisafisha ng'onda, samaki wakavu, kwa ajili ya mchuzi. Walipendana. Lakini jirani akiuliza, "Samiha, umeshiba?" Bi Mboni hujibu, "Kashiba." Akiulizwa, "Waumwa?" Bi Mboni hujibu, "Haumwi, mimba tu hiyo."

Hakuwa na ubaya. Naye alilelewa hivyo. Mkaza mwana hapandishi sauti mbele ya wakwe, na mambo ya uzazi hayasemi mwenyewe. Husemewa.

Mimba ya kwanza ilikwenda hivyo hivyo. Samiha alivimba miguu, kisha uso. Wanawake wakasema, "Wa kiume huyo! Kambeba bonge." Kichwa kikamuuma, akanyamaza. Siku moja akaanguka, akakakamaa, akatoka povu. Wakasema ni pepo. Akasomewa, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Uweso akakimbilia kilimani, maana simu ilishika mtandao huko tu. Akasimama akiipunga hewani kama mtu anayefukuza nyuki. Sauti ikaja, ikakatika. Ikaja tena, ikakatika.

Gari lilipofika, Samiha alikuwa hai. Mtoto hakuwa hai.

Wakamzika nyuma ya nyumba, karibu na mlimau. Bi Mboni akasema, "Hakulia, hana jina. Tusimtaje, tusije tukaita msiba mwingine." Hakuna aliyemuuliza Samiha. Lakini kila alipokwenda kuchuma malimau, alikawia.

Ukapita mwaka na zaidi. Mnara ukajengwa. Zahanati ikawekewa intaneti ya kasi, na juu ya bati ikawekwa sola, ili umeme ukikatika kazi isisimame. Ritha, muuguzi kutoka Lushoto, akawatangazia akina mama: "Sasa daktari wa hospitali ya mjini atawaona hapa hapa, kwenye kishikwambi hiki. Mtaongea naye, naye atawaona."

"Mtu wa mjini atuone sisi huku?" akauliza Bi Mboni. "Ana macho marefu huyo!"

Wakacheka. Samiha hakucheka. Mimba ya pili ilikuwa imekua, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba.

Siku ya kliniki, Bi Mboni alimsindikiza.

"Shikamoo, mama," alisema Ritha.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kupima, turudi. Nimeacha chungu jikoni."

Ritha akampima Samiha presha. Akapima tena. Uso wake ukabadilika. Akawasha kishikwambi. Kwenye kioo akatokea mwanamume mwenye miwani, Daktari Sabiri, na Ritha akamtajia presha ile.

"Yallah, mwanamume!" Bi Mboni alishtuka. Akavua kanga ya begani, akakifunika kishikwambi gubigubi. "Haya, baba, sema sasa. Twakusikia."

"Mama, sioni mgonjwa. Naona maua tu."

"Mazuri hayo. Yatazame."

Waliokuwa wakichungulia dirishani wakaangua kicheko. Daktari akauliza, "Samiha, kichwa kinauma?"

"Hakimuumi," akajibu Bi Mboni.

"Macho je, yanaona vizuri?"

"Mazima. Jana kachagua mchele."

"Uso na mikono imevimba?"

"Kanenepa. Kwangu halali njaa."

Samiha alikuwa amekaa kwenye benchi. Mbele ya macho yake vilipita vimulimuli, kama chumvi inavyometameta juani. Alimwona Ritha mmoja, kisha akawaona wawili. Juu ya tumbo, chini ya mbavu, palikuwa panawaka. Aliujua moto huo. Akaufikiria mlimau. Akafumbua mdomo, akamtazama mkwewe, akaufumba.

Daktari akasema, "Muuguzi, presha uliyonitajia na majibu haya haviendani."

Ritha akavuta kiti, akakaa karibu na Bi Mboni.

"Mama, nisikilize. Presha ya mjamzito ikipanda, akivimba uso na mikono, akaumwa kichwa kisichopoa, akaona ukungu, hiyo ni hatari. Kifafa cha mimba kinakuja. Si pepo. Kinaua mama, kinaua na mtoto. Daktari hawezi kukijua kwa kutazama kanga."

"Na heshima ya mwanangu je? Watu wote huko mjini wamtazame?"

"Hapana. Anayemwona ni daktari tu, kama vile yumo chumbani humu, na picha haiwekwi. Kama hamtaki mwanamume, ombeni mwanamke. Ni haki yenu."

Sauti ya Sabiri ikatoka chini ya kanga. "Daktari Imakulata yupo chumba cha pili. Namwita."

Bi Mboni akainua pindo, akachungulia. Kweli, alikuwa mwanamke. Akaitoa kanga taratibu, akazunguka chumba kwa macho. Kisha akaenda kuitundika dirishani, mbele ya nyuso za wale wachunguliaji.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Imakulata. "Nakuomba kitu kimoja. Mwache mwenyewe anijibu."

Bi Mboni akafumbua mdomo. Akaufumba.

Samiha akamtazama mkwewe, akakitazama kioo.

"Kichwa kinaniuma," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Siku nyingi. Hapa chini ya mbavu panawaka. Na sasa hivi nawaona nyote wawili wawili. Ni kama mara ile."

"Mwanangu!" Bi Mboni alishika kifua. "Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, mama."

Imakulata hakupoteza muda. Alimwelekeza Ritha, Ritha akachoma sindano ya kuzuia kifafa na kutoa dawa ya kushusha presha. Gari likaitwa, na safari hii hakuna aliyekimbilia kilimani. Samiha alipofikishwa hospitali, walikuwa wanamngoja, wanajua jina lake na ugonjwa wake.

Alizaa kwa upasuaji. Mtoto wa kike, mdogo mno, alifungwa kifuani kwa mama yake apate joto. Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke wa kijiji ambacho mtandao haujafika. Aliletwa amechelewa. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, na godoro limetolewa nje kuanikwa. Samiha akamkumbatia mwanawe, akalia kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Mtoto akaongezeka uzito, wakarudi nyumbani. Siku hizi Bi Mboni husindikiza wajawazito wa mtaani mpaka zahanati. Hutundika kanga yake dirishani, kisha hutoka nje akakaa. Mtu akimwita aje kujibu, husema, "Mimi kichwa changu hakiniumi. Muulizeni mwenye kichwa."

Siku ya akika watu walijaa uwanjani. Kwa desturi yao, bibi mzaa baba ndiye hutaja jina. Bi Mboni akampakata mjukuu wake, watu wakatulia. Akasita.

"Samiha," akaita. "Wewe mwenyewe wataka jina gani?"

Samiha hakumtazama mtoto. Alitazama nyuma ya nyumba, kwenye mlimau.

"Huyu mpeni jina nyinyi, mama, nami nitalipenda," akasema, na sauti yake ikamfikia kila mtu. "Mimi nilitaka kumpa jina kaka yake. Anaitwa Yasini."