Roshani ya Ghorofa ya Tatu

Walikutana kwa vumbi. Mapokezi ya hoteli yalikuwa yamefurika maharusi na masanduku, fundi mwashi yuko juu ya ngazi anagonga dari, chini anapita msichana wa gauni la manjano akiongoza wageni. Chokaa ikamshukia kichwani.

"We fundi! Huoni watu?"

"Nimekuona wewe tu, dada. Hao wengine ndio kwanza nawaona."

Jioni wakala aiskrimu ufukweni. Msichana akamwita fundi Saruji; naye akaitwa Kasuku, maana alilipwa kusema.

Alilipwa kusimulia mapenzi. Matajiri walikuja mji ule kusikia habari za wapendanao wa zamani, na yake ndiyo iliyovuma: mwimbaji wa bendi alisimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu ya hoteli hiyo, nahodha wake akajitosa kutoka melini, akamwogelea na sare zake zote. Wageni walipanda kubusiana palepale.

Msimu ulipokaribia, Saruji akatumwa kuipaka rangi roshani. Kubandua plasta, akakuta nondo zimeliwa na kutu, zinamong'onyoka kama biskuti. Meneja akamwambia apake, anyamaze. Akamwendea Kasuku.

"Jana ulinuna mgeni kunibusu mkono," Kasuku alisema. "Leo roshani mbovu. Wivu gani huu?"

"Wivu ninao, mpenzi, sikatai. Lakini chuma kimeoza."

"Meneja anasema nzima. Bila roshani sina kazi. Unataka nikae nyumbani nikufulie maovaroli?"

Akaondoka, visigino vikigonga vigae. Siku tatu hakupokea simu.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, Saruji akasikia sauti ya Kasuku ikipanda ngazi na watu kumi na wanne. Akakimbia, mlinzi akamzuia, amri ya meneja. Akapiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena.

"Nini? Niko kazini!"

"Usiwatoe nje, nakuomba."

"Umeanza."

"Haya. Chungulia dirisha la pembeni."

Akachungulia. Saruji alikuwa amesimama chini ya roshani hasa, kichwa wazi.

"Unafanya nini hapo?"

"Si nzima? Watoe wageni wako. Ikidondoka, mimi nipo."

"Acha wazimu, toka!"

"Nitoke kwa nini? Si nina wivu tu?"

Kasuku akainama dirishani amtazame vizuri. Jasho lilimtiririka Saruji, na kila mara macho yalimponyoka yakatazama juu. Mwongo haogopi hivyo.

Nyuma ya Kasuku mzee mmoja na mkewe walishashika kitasa cha mlango wa roshani.

"Msifungue!" Kasuku akawageukia. "Samahanini, wageni wangu. Roshani hii imeoza, na hoteli inajua."

Meneja, aliyefuata kundi, akanyoosha mkono. Kasuku akavua kitambulisho, akamwekea kiganjani, akashuka mbio, viatu mkononi. Akamkamata Saruji shati, akamburuta hadi juani.

"Nimefukuzwa."

"Na mimi, nadhani."

"Ungekufa, mjinga wewe!" Akampiga kifuani, mara mbili. "Ungekufa ukiniangalia!"

"Ningekufa."

Saruji akakaa juu ya vigae. Kasuku akakaa naye, bado ameng'ang'ania lile shati.

"Basi unioe," alisema. "Nikikuacha peke yako, sijui kesho utasimama chini ya nini."