Mkeka wa Watoto Maktabani

Kila asubuhi Bibi Isabela hugombana na mume wake.

Mume huyo ana miezi kumi na moja. Ana meno manne tu. Suruali anavalishwa. Jina lake ni Zabroni, na kwa kweli ni mjukuu wake. Lakini huku Newala bibi na mjukuu ni watani, na bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu".

"Umeamka, mume wangu?" Bibi humwuliza. "Kuni ziko wapi? Maji umechota? Wewe kula tu! Hivi mimi niliolewa na mwanamume gani?"

Zabroni hucheka mpaka anapaliwa.

"Aba-ba-ba!"

"Haya, anajibu! Kazi hana, mdomo anao!"

Dorika, mama yake Zabroni, huwasikia wakati anajiandaa kwenda kazini. Alimaliza kidato cha nne, na sasa anatunza maktaba ndogo ya kata. Maktaba ina rafu tatu za vitabu na chumba kimoja kitupu cha pembeni.

Mwezi wa nane Dorika alikwenda Masasi kwenye mafunzo ya siku mbili. Kule aliambiwa jambo jipya. Maktaba si ya wanafunzi peke yao. Hata mtoto mchanga aletwe. Mtoto hujifunza kuongea kwa kuongeleshwa, na akili yake hukua kwa kuchezeshwa. Dorika alijaza daftari zima. Aliporudi, alimwomba Mzee Filemoni, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, kile chumba cha pembeni. Mzee Filemoni alimpa kwa mwezi mmoja wa majaribio.

Tangazo likasomwa kanisani na msikitini: walezi wote wenye watoto chini ya miaka mitatu wafike maktaba ya kata, Jumatano saa mbili asubuhi.

Siku hiyo walikuja kumi na watano. Karibu wote walikuwa mabibi, kwa sababu akina mama walikuwa mashambani wakiokota korosho. Dorika alifurahi sana. Akachukua vitabu vyake, akafungua mlango wa chumba.

Watoto wote walikuwa uchi!

Mabibi walikuwa wameshapanga foleni ukutani. Kila mmoja alikuwa na mtoto mkono mmoja na kadi ya kliniki mkono wa pili.

"Mizani umeiweka wapi, mwanangu?" aliuliza Bibi Julia, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. "Huyu Oliva anaona baridi."

"Shikamoo, Bibi. Hapa hatupimi uzito."

"Marahaba. Basi chomeni chanjo twende."

"Hatuchomi chanjo, Bibi."

"Sasa umetuitia nini?"

"Kucheza," alisema Dorika.

Bibi Julia akamtazama Dorika kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Mimi nina miaka sitini na saba," alisema. "Nimeacha mhogo wangu juani, kuku wanaula. Nimekuja kucheza?"

Akamvalisha Oliva nguo zake, akaondoka. Wengine saba wakamfuata.

Dorika hakukata tamaa. Wiki ya pili alijiandaa zaidi. Alipanga viti kwa mistari. Akabandika ukutani karatasi yenye neno KIMYA, kwa herufi kubwa, ili kila mtoto aisome. Tatizo ni kwamba mwanafunzi mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka miwili.

Walikuja walezi wanane. Bibi Isabela alikuwa mmoja wao, maana Dorika ni binti yake na alimwona hana raha. Dorika akaita majina. Akasimama mbele, akaanza kusoma hadithi ndefu ya simba.

"Aba-ba-ba!" alisema Zabroni.

"Eeh, mume wangu, umemwona simba?" alisema Bibi Isabela. "Mkimbize! Au unamwogopa?"

"Mama, tafadhali," alisema Dorika. "Hapa ni maktaba. Tusikilize."

Bibi Isabela akafunga mdomo. Zabroni akamtazama bibi yake kwa mshangao. Hakuwa amewahi kuona mdomo ule umefungwa.

Mtoto mmoja akachukua kitabu na kutafuna pembe yake. Dorika akakimbia, akakivuta. Mtoto akalia. Wa pembeni yake akalia. Muda si muda watoto wote wanane walikuwa wanalia. Mwenye mashine ya kusaga, pale jirani na maktaba, alizima mashine yake. Alidhani imeharibika.

Wiki ya tatu walikuja walezi wawili. Bibi Isabela hakuwemo.

"Siendi," alikuwa amesema. "Nimekaa kwenye kiti kama mshitakiwa. Hata mume wangu nimekatazwa kuongea naye."

Siku hiyohiyo Mzee Filemoni alipita maktabani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wako wapi watoto?"

"Leo wamekuja wachache."

"Naona. Sasa sikiliza. Msimu wa korosho umeanza na ghala la chama cha ushirika limejaa. Wanatafuta chumba cha kuweka magunia. Jumatano ijayo nakuja kuhesabu mwenyewe. Nikikuta walezi kumi, chumba ni chako. Wakipungua kumi, magunia yanaingia."

"Lakini Mzee, watoto..."

"Magunia hayalii, mwanangu," alisema Mzee Filemoni, akaondoka.

Jioni Dorika alikaa uani amejiinamia. Chumba kile alikuwa amekiota kwa mwezi mzima, na sasa zilibaki siku saba. Karibu naye, Bibi Isabela alikuwa anamlisha Zabroni uji.

"Fungua mdomo, mume wangu. Huo mdomo wa kuomba hela ya tumbaku unaufungua vizuri sana."

Jirani yao, Regina, aliingia kuazima ungo. Regina alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mpaka leo watu humwita Nesi.

"Mbona Mama Zabroni amenuna hivi?" aliuliza.

Dorika akamweleza yote: kadi, viti, simba, vilio, magunia. Regina alicheka mpaka akaketi juu ya ule ungo.

"Ungo wangu!" alisema Bibi Isabela.

"Samahani, dada. Mama Zabroni, wewe umewapa watoto wachanga mtihani wa kidato cha nne! Hebu mtazame mama yako. Anafanya nini?"

"Anamtania Zabroni."

"Tazama vizuri. Anamtazama usoni. Anamwambia neno, halafu ananyamaza kidogo. Anangoja. Mtoto akitoa sauti, anamjibu. Hivyo ndivyo mtoto anavyojifunza maongezi. Neno lako, halafu zamu yangu. Hicho ndicho ulichofundishwa Masasi, sivyo?"

Dorika akafikiri. Kwenye daftari lake kuna ukurasa mzima juu ya jambo hilo. Alikuwa ameupigia mistari miwili.

"Nilikuwa na mwalimu chumbani," alisema polepole, "nikamnyamazisha."

"Tena ukamkalisha kwenye kiti," alisema Bibi Isabela.

"Nisamehe, mama."

"Nitafikiri."

Regina akavuta kigoda karibu. "Toa viti vyote. Tandika mikeka. Toa ile karatasi ya KIMYA. Mwenye kuchelewa aingie, mwenye haraka atoke. Imbeni wimbo mmoja wa kuanza na mwingine wa kumaliza, zilezile kila wiki, watoto wazizoee. Katikati soma kitabu kifupi, dakika chache. Muda mwingine waache wachezeane na mabibi zao."

"Mtoto akilia?"

"Bibi yake amtoe nje wapunge upepo. Akinyamaza, warudi. Asiponyamaza, waende nyumbani. Hakuna kosa."

"Akitafuna kitabu?"

"Mtoto wa mwaka mmoja husoma kwa mdomo kwanza! Mtengenezee kitabu kigumu cha maboksi. Mchoree kuku, ndoo, korosho. Vitu anavyoviona kila siku."

"Na lugha? Mimi nilisema tutumie Kiswahili tu."

"Mabibi waongee lugha wanayoongea nyumbani. Kimakonde, Kimakua, Kiyao, zote zinakuza mtoto. Kiswahili atakipata wala hakitamkimbia."

Kisha Regina akawa makini. "Sasa usalama. Kitu chochote kinachoenea chote mdomoni mwa mtoto, kitoe. Vifuniko vidogo, mbegu, vifungo, vyote vinakaba. Ukitia maharage kwenye chupa ili ilie, ziba kifuniko kwa gundi na ukikague kila wiki. Osha vitu kwa sabuni kila mkimaliza. Mtoto mwenye homa au anayeharisha abaki nyumbani, au apelekwe zahanati. Na kila mlezi abaki na mtoto wake. Wewe si yaya wa kata nzima."

Dorika alikuwa anaandika kwa kasi.

"Na saa mbili ni mapema mno," aliongeza Bibi Isabela kwa sauti ya mtu ambaye bado anafikiri. "Saa mbili sisi tunaanika mhogo na kuosha vyombo. Weka saa nne. Na usitangaze. Pita nyumba kwa nyumba, uwaambie waache kadi nyumbani."

"Kwa hiyo utakuja, mama?"

"Nitakuja na mume wangu. Tukikatazwa kuongea, tunaondoka."

Siku zile saba Dorika alifanya kazi. Alikata maboksi, akachora. Kuku wake alifanana na mbuzi, lakini alimwandikia jina chini. Aliosha chupa, vikombe vya plastiki na vipande vya khanga kuukuu. Akapita nyumba kwa nyumba. Wengine walimcheka. Bibi Julia alisema ana mhogo juani.

Jumatano ikafika. Saa nne walikuwepo walezi wanne tu. Mzee Filemoni alikuwa mlangoni, na kalamu sikioni.

"Wanne," alisema.

"Tunaanza, Mzee," alisema Dorika.

Wakaimba. Bibi Isabela alijifunika uso kwa khanga. "Mume wangu yuko wapi? Ameniacha! Amekwenda kuoa Masasi!" Akafunua ghafla. "Kumbe yupo!" Zabroni akapiga kelele za furaha. Watoto wengine wakacheka kwa kumwona yeye anacheka. Mabibi nao wakaanza kuwafunika na kuwafunua wajukuu zao, kila mmoja kwa lugha yake. Kicheko kikatoka dirishani, kikafika kwenye mashine ya kusaga. Pale kulikuwa na foleni ya unga, na kwenye foleni kulikuwa na Bibi Julia, na Oliva mgongoni.

Bibi Julia akachungulia dirishani.

"Mbona hamjakaa kwenye viti?"

"Viti vimefukuzwa!" alisema Bibi Isabela. "Ingia, mlete huyo mke mwenzako."

Maana bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenzangu. Bibi Julia akaingia, akamweka Oliva kwenye mkeka. Oliva akatambaa moja kwa moja hadi kwa Zabroni, akamnyang'anya chupa ya maharage.

"Mwone!" alipiga kelele Bibi Isabela. "Mke mwenzako anamtaka mume wangu!"

"Mume mwenyewe ana meno manne," alijibu Bibi Julia. "Huyu wangu anastahili bora zaidi."

Chumba kizima kilicheka. Wengine watatu wakatoka kwenye foleni ya unga, wakaingia na watoto wao. Akapita Mzee Halfani, anasukuma baiskeli, mjukuu wake wa kike amekaa mbele.

"Wanaume mnaruhusu?" aliuliza.

"Karibu, Mzee," alisema Dorika. "Walezi wote ni sawa."

"Basi mke wangu huyu anataka kuona." Akaegesha baiskeli, akaingia, akaketi, akaanza kumwonyesha mjukuu wake picha ya kuku. "Huyu ni mbuzi," alimwambia.

Dorika hakusahihisha.

Saa tano kasorobo wakaimba wimbo wa kumaliza. Mzee Filemoni akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Tisa," alisema.

Kicheko kikakatika.

Dorika naye alihesabu. "Ni kweli, Mzee," alisema. "Ni tisa." Macho yalimjaa machozi, lakini hakubishana.

Wakati huo Zabroni alikuwa amechoshwa na Oliva. Akatambaa hadi mlangoni, akashika suruali ya Mzee Filemoni kwa mikono miwili, akajivuta akasimama. Akayumba. Mzee Filemoni akainama haraka, akamdaka kabla hajaanguka.

"Aba-ba-ba!" Zabroni alimwambia usoni.

"Eti nini?" aliuliza Mzee Filemoni.

Zabroni akanyamaza, akamtazama.

"Aba-ba," alisema tena.

"Hapana, bei ya korosho mimi siijui," alijibu Mzee Filemoni. "Kaulize chama."

Zabroni akacheka. Mzee Filemoni naye akacheka. Akaketi ukingoni mwa mkeka, mtoto mapajani, na mazungumzo yakaendelea, neno la huyu na zamu ya yule.

Bibi Julia alimtazama kwa muda. "Mwenyekiti," alisema, "umeketi kwenye mkeka, umebeba mtoto, unamwongelesha. Mlezi ni mtu gani?"

Mzee Filemoni akatazama mkeka. Akatazama mtoto. Akatoa kalamu sikioni, akaandika kwenye karatasi yake.

"Kumi," alisema.

Mabibi walipiga vigelegele mpaka mwenye mashine akazima tena.

"Sasa magunia niyapeleke wapi?" aliuliza Mzee Filemoni.

"Una sebule kubwa, Mwenyekiti," alisema Bibi Isabela.

Jumatano iliyofuata walikuja walezi kumi na watatu. Wawili walikuwa akina mama waliochelewa kwenda shamba kwa makusudi. Oliva, ambaye zamani alilia akimwona mgeni, alipita kwa kila mtu kudai chupa. Bibi Julia alisema sasa anamwongelesha hata wakati wa kuanika mhogo, na mtoto anajibu kwa kelele kuliko kuku. Dorika aliwasomea kitabu cha kurasa nne, akakaa chini kama wengine.

Kitabu kilipokwisha, mlango ukafunguliwa. Akaingia mke wa Mzee Filemoni, na mjukuu kiunoni, na uso umekunjamana.

"Hodi. Sebuleni kwangu magunia yamefika dirishani," alisema. "Sina hata pa kuweka kigoda. Nipisheni hapo kwenye mkeka."

Wakasogea, akakaa.